UZI: Tunaandika shahada ya uhandisi wa mifumo ya saiba-fizikia hapa Kisumu. Tuanzie wapi?

MtoNyando (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Nimo kwenye kamati iliyopewa kazi ya kuandika mtaala wa shahada mtambuka ya uhandisi wa mifumo ya saiba-fizikia. Kwa asiyelijua jina hili, ni mifumo ambayo kompyuta na kitu halisi vimeshonwa pamoja: kompyuta inahisi, inaamua, inaamuru mota au vali, kitu kinabadilika, inahisi tena. Lifti ni mfano. Pampu inayojizima tangi likijaa ni mfano. Mtambo wa Sondu-Miriu unaozalisha megawati 60 kwa maji ya mto ni mfano mkubwa zaidi.

Jina lilitungwa mwaka 2006 na Helen Gill wa shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi. Lakini mzizi wake ni mkongwe. Mwanahisabati Norbert Wiener alipotoa kitabu chake Cybernetics mwaka 1948, jina hilo, ambamo ndimo ilimotoka "saiba", alilichukua kwenye neno la Kigiriki la mshika usukani. Kwa hiyo sisi watu wa ziwani hatuna sababu ya kuliogopa. Anayeshika usukani wa mashua kwenye Ghuba ya Winam, akiona maji yamebadilika rangi mbele na kugeuza kabla upepo haujamfikia, anafanya kazi hiyo hiyo.

Rasimu ya kwanza iliyoletwa mezani ilikuwa mkusanyiko tu: masomo haya ya idara ya umeme, haya ya kompyuta, haya ya mitambo, hesabu kidogo, kisha mradi mmoja mwaka wa tano. Niliikataa, na wenzangu wakaniuliza nina sababu gani. Sababu yangu ni vizimba vya samaki.

Kuna mfugaji mmoja wa sato aliyefungiwa mfumo wa kupima oksijeni ndani ya maji. Oksijeni ikishuka, ujumbe unaingia kwenye simu ya mlinzi, naye anawasha pampu za hewa. Asubuhi moja tuliitwa. Samaki walikuwa wamegeuza matumbo juu kizimba kizima, na harufu imeshaanza. Aliyeandika programu alifungua kompyuta yake pale pale ukingoni akatuonyesha: programu haikukosea hata mstari mmoja. Fundi wa umeme akapima betri na nyaya, zote nzima. Mwenzetu wa biolojia hakusema neno. Alivuta kihisi kutoka majini, akakikwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Ukoga wa kijani ukatoka kama uji mzito.

Tulikaa siku nzima na ndoo mbili na saa. Kihisi kisafi kilitambua badiliko la maji upesi. Kile chenye ukoga kilihitaji zaidi ya dakika kumi. Halafu tukagundua kwamba mwandishi wa programu, ili kubana bando, alituma wastani wa saa nzima badala ya kipimo cha sasa. Oksijeni inaposhuka mfululizo, wastani wa saa moja unakuonyesha hali ya nusu saa iliyopita. Ongeza mlinzi kuamka, kupiga kasia hadi kwenye kizimba, na kuvuta kamba ya jenereta mpaka ishike. Na haya yote yalitokea kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo mwani umeshinda usiku kucha ukivuta oksijeni bila kutoa hata chembe.

Hakuna aliyekosea ndani ya chumba chake. Dakika kumi za biolojia zilivumilika. Nusu saa ya programu ilivumilika. Robo saa ya mlinzi ilivumilika. Zilipojumlishwa, samaki walikufa, na katika vyuo vyetu hakuna idara inayofundisha kujumlisha dakika hizo.

Ndiyo maana nasema shahada hii isijengwe kwa kuunga masomo yaliyopo. Ijengwe kuzunguka kitu kimoja kinachosogea, ambacho mwanafunzi anakabidhiwa wiki ya kwanza na kukitolea hesabu hadi mwaka wa tano. Nipeni maoni, hata makali.

FundiVipimo

Mwalimu, mimi ni fundi wa vipimo kwenye kiwanda cha sukari, ukanda wa miwa wa Nyando, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimepokea wanafunzi wa atachimenti wasiohesabika. Nikuambie wanachokuja bila nacho.

Kwanza, ishara ya miliampia 4 hadi 20, yaani mkondo mdogo wa umeme unaobeba kipimo kwenye waya. Kihisi cha kiwandani kikisoma chini kabisa kinatuma miliampia 4, si sifuri. Kwa nini? Kwa sababu sifuri imewekewa kazi nyingine: waya umekatika. Hekima kubwa kabisa ya kazi yangu imo humo. Kimya cha waya uliokatika kisifanane na kimya cha tangi tupu. Kijana wa kompyuta anakuja, anaona 4, anasema kuna hitilafu, anatoa 4 kwenye programu ili "ianze sifuri kama kawaida".

Pili, boila. Hili nitalieleza polepole kwa sababu ni zuri sana. Boila yetu inachoma makapi ya miwa. Juu kuna dramu, nusu maji nusu mvuke, na kioo cha kuonyesha maji yamefika wapi. Vinu vikivuta mvuke mwingi kwa ghafla, ungetarajia maji yashuke, si ndiyo? Kwenye kioo yanapanda. Shinikizo limeshuka, mapovu yaliyo ndani ya maji yanavimba, yanayasukuma maji juu. Anayedhibiti kwa kutazama kioo peke yake atapunguza maji ya kuingia, wakati hasa boila inapoyahitaji. Baada ya muda mfupi mapovu yanatulia, na maji yanaporomoka kuliko yalivyokuwa. Mabomba yakikaa makavu juu ya moto ule, kuna watu watazikwa.

Dawa yake ni kupima vitu vitatu pamoja: kimo cha maji, mvuke unaotoka, maji yanayoingia. Wa fizikia anajua mapovu. Wa udhibiti anajua hesabu. Wa kompyuta anajua kuiandika. Mimi namtafuta mmoja anayejua yote matatu kiasi cha kutosha kuogopa.

HesabuNjoro

Fundi, umefundisha vizuri kuliko wengi wetu tunaosimama mbele ya ubao. Kwa wanahisabati, tabia hiyo ya kwenda kinyume kwanza kabla ya kwenda sawa ina jina lake na nadharia yake, na mwanafunzi akiijua anaweza kuthibitisha mapema kwamba kuharakisha kidhibiti kutaharibu, hata kabla hajaigusa boila.

Ninafundisha hisabati upande wa Njoro, na hofu yangu ni hii. Kila mtu akisikia "mtambuka" anakata hisabati ili kupata nafasi. Ripoti ya akademia za taifa za Marekani ya mwaka 2016 kuhusu elimu ya fani hii ilitaja kati ya misingi yake hisabati za aina mbili kwa pamoja: ya vitu vinavyobadilika mfululizo kama kimo cha maji, na ya vitu vinavyoruka kutoka hali moja hadi nyingine kama pampu iliyowaka au iliyozima. Kwetu aina ya kwanza hufundishwa na idara ya hisabati, ya pili na idara ya kompyuta, miaka tofauti, na mwalimu wa huku hajui mwenzake anatumia alama gani. Mwanafunzi anadhani ni dunia mbili.

Ningependa zifundishwe muhula mmoja, kwa mfano mmoja: tangi, pampu, vali. Maji yanapanda kwa mlinganyo. Pampu inabadili hali kwa sharti. Kisha uliza: je, kuna njia yoyote ambayo maji yatafurika? Hapo mwanafunzi ataitaka hisabati mwenyewe. Ila sitakubali uthibitisho uondolewe. Kupima mara elfu moja bila ajali si sawa na kuthibitisha kwamba ajali haiwezekani.

MtoNyando

Mwalimu HesabuNjoro, nakubali. Kwenye rasimu yangu nilikuwa nimepunguza uthibitisho uwe wa hiari. Nimeurudisha.

Fundi, habari ya miliampia 4 nitaiweka wiki ya pili ya mwaka wa kwanza.

MamaKondele

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Binti yangu anapenda sana mambo haya, amewahi kutengeneza redio ya babu yake. Lakini nikisikia saiba najua ile ya mtaani, ya kuchapisha karatasi na kujaza fomu za KUCCPS za kuomba nafasi chuoni. Miaka mitano ya karo, akimaliza ataitwa nani? Kuna jirani yetu alisoma uhandisi akamaliza, akazungushwa miaka juu ya kusajiliwa. Mama yake alilia. Nisije nikalia mimi.

InjiniaKakamega

Mama, swali lako ni la msingi na kamati nyingi huliacha mwisho. Nimesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, nifafanue.

Bodi ya Wahandisi wa Kenya inasimama kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inasimama kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Zimevutana kwa muda mrefu kuhusu nani ana mamlaka ya kuidhinisha kozi za uhandisi, na waliobanwa katikati ni wanafunzi. Wahitimu zaidi ya mia moja walionyimwa usajili walipigania haki yao hadi Mahakama ya Juu Zaidi, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Walishinda, lakini mtu aliyehitimu akiwa na miaka 24 hawezi kurudishiwa miaka aliyoshinda kortini.

Kwa hiyo Mwalimu MtoNyando, ushauri wangu utakuudhi. Msianze na jina jipya. Andikeni shahada ya uhandisi wa umeme na elektroniki inayotambulika, kisha mwaka wa nne na wa tano mwanafunzi achague mkondo wa saiba-fizikia. Binti wa Mama Kondele atasajiliwa bila kuulizwa maswali.

MtoNyando

Injinia, hujaniudhi, ila umenipeleka palepale ninapopakimbia. Mkondo wa mwaka wa nne maana yake miaka mitatu kijana amefundishwa kwamba kompyuta ni ya wengine na mapovu ni ya wengine. Akifika mwaka wa nne ameshakuwa mtu wa chumba kimoja.

Lakini siwezi kumjibu Mama Kondele kwa falsafa. Nitaipigania namna hii: jina la shahada na masomo ya lazima yabaki yale ambayo Bodi inayatambua, tena tuwaite wakae nasi tangu rasimu, wasiletewe kitabu kilichokwisha fungwa. Ndani yake, karakana moja ianze muhula wa kwanza na isikatike mihula kumi. Masomo mengine yapangwe kuifuata. Wakifundishwa mzunguko wa umeme wiki hii, wiki ijayo wautumie kwenye kitu chao.

Mama, mlete binti yako. Mtoto aliyefungua redio ya babu akaifunga ikalia ndiye tunayemtafuta.

Usalama254

Mmeandika marefu na sijaona usalama. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliharibu mashine za kurutubisha urani zinazozunguka kwa kasi kule Iran kwa kubadili mwendo wake, huku waangalizi wakionyeshwa vipimo vya kawaida. Desemba 2015 wadukuzi waliingia kwenye makampuni ya umeme ya Ukraine na kuwazimia taa wateja wapatao 225,000. Wafanyakazi waliona kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe na kufungua swichi.

Ila somo ninalolipenda kwenye kisa cha Ukraine ni jinsi umeme ulivyorudi. Mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni, wakafunga swichi kwa mkono, na baada ya saa chache taa zikawaka. Walikuwa bado wanajua. Kwa hiyo ombi langu si somo la usalama peke yake. Kila kitu ambacho mwanafunzi anakiunda kiwe na gurudumu la mkono, na kwenye mtihani mtahini azime kompyuta na kusema: endelea.

MkulimaAhero

Nimesoma uzi huu wote, mjukuu akinisomea palipo na herufi ndogo. Mimi nalima mpunga Ahero tangu ujana. Maji yetu hayaji kwa mteremko. Yanavutwa na pampu za umeme kutoka Mto Nyando. Pampu ikilala, mfereji unalala, na mpunga ukiwa kwenye kuchanua haukungojei.

Miaka iliyopita walikuja vijana na sanduku jeupe juu ya mlingoti, na kioo cha jua. Walisema litapima maji ya mfereji. Walipiga picha nasi. Leo ndani ya sanduku lile wanakaa nyigu, na hakuna mtu wa hapa aliyefundishwa hata kulifungua. Kwenye kuta zake kuna maandishi, sisi hatujui yanasema nini.

Naomba kwenye shahada hiyo muandike hivi: mwanafunzi asipewe cheti mpaka kitu chake kimekaa shambani masika na vuli, na kikiharibika fundi wa Ahero aweze kukitengeneza mwanafunzi huyo akiwa mbali. Na akieleze kwa lugha ninayoielewa.

MtoNyando

Mzee, asante. Nimelisoma hili mara tatu. Tulikuwa na mtihani wa mwisho wa kuonyesha mradi mbele ya jopo chuoni, dakika ishirini. Nimeufuta. Nitapendekeza mradi uanze mwaka wa tatu, ufungwe mahali pa kazi mwaka wa nne, na mwaka wa tano wote uwe wa kuutunza, kurekodi kila ulipoharibika na kwa nini. Alama nyingi zitoke kwenye daftari hilo. Na fundi au mkulima aliyeutumia awe mtahini mwenye kura.

Kuhusu lugha, mwanafunzi ataandika mwongozo wa Kiswahili, na wa Kijaluo au Kiluhya kama watumiaji wanataka, halafu mtu asiyemfahamu aufuate huku yeye amenyamaza.

MwakaWaTatu

Mimi nasoma uhandisi hapa magharibi. Swali moja: maadili yatafundishwa na nani? Sisi tulifundishwa muhula mmoja, watu mia tatu ukumbini, tukakariri.

Mwalimu wangu wa shule ya upili alimpoteza ndugu kwenye ndege ya Ethiopian Airlines, safari ya 302, tarehe 10 Machi 2019, ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Nilipoingia chuo nilitafuta kujua. Programu ya kusukuma pua ya ndege chini iliamini kihisi kimoja cha kupima pembe ambayo bawa linakutana na hewa, na kihisi hicho kilisema uongo. Chini ya miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189. Kulikuwa na kihisi cha pili upande wa pili wa ndege. Hakikuulizwa.

Sielewi ni vipi jambo hilo ni la "maadili" na si la darasa la vihisi.

HesabuNjoro

Umesema kweli kijana wangu. Lifundishwe palepale kwenye darasa la vihisi, siku ambayo mwanafunzi anachagua aweke kihisi kimoja au viwili. Na aandike kwa mkono wake sababu ya kuchagua kimoja, kisha aweke sahihi.

InjiniaKakamega

Naunga mkono sahihi. Ndivyo tunavyofanya kazini: mchoro una jina la mtu.

Mwalimu MtoNyando, nimefikiria tena jibu lako. Karakana ya mihula kumi ndani ya shahada inayotambulika inaweza kupita, mkiandika wazi kila muhula unatimiza saa za somo gani. Bila hilo wakaguzi wataiona kama mchezo. Nitumie jedwali kwa ujumbe wa ndani nilipitie. Na jambo moja ambalo halijatajwa: fundi wa maabara. Vyuo vinaajiri maprofesa, halafu karakana ina fundi mmoja wa wanafunzi mia mbili. Mtu kama FundiVipimo angefundisha humo, lakini hana shahada ya uzamili, hivyo kwa kanuni nyingi za vyuo hawezi kuitwa mhadhiri.

FundiVipimo

Sihitaji kuitwa mhadhiri. Nahitaji tu Jumamosi mbili kwa mwezi na nauli.

MtoNyando

Fundi, hilo nitalipeleka seneti ya chuo kwa maandishi, na si kwa nauli tu. Ulipwe kama mwalimu.

Sasa kitu cha wiki ya kwanza. Nimezunguka kwenye drone, roboti, magari madogo, na yote nimeyaacha. Nimebaki na pampu, tangi mbili na vali. Mwaka wa kwanza wanaiendesha kwa mkono, wanaandika vipimo kwa penseli. Muhula wa pili wanaweka kihisi, na kukipaka matope makusudi waone. Mwaka wa pili kompyuta inaingia, na wanapima kuchelewa kwa kila hatua, kutoka kwenye maji hadi kwenye vali, na kujumlisha. Nataka kila mmoja ajue dakika zake zimekwenda wapi. Tatizo ni bajeti: tumeomba vifaa vya maabara vya kuagizwa kutoka nje na jibu litachukua muda.

FundiVipimo

Msingoje vya kuagizwa. Vinakuja ndani ya sanduku la kioo, kila kitu kisafi, hakivuji. Mwanafunzi atajifunza nini kwa kitu kisichovuja?

Nyuma ya nyumba yangu Awasi kuna pampu ya kusukuma maji, ya mota ya fezi tatu, niliinunua kwenye mnada nikitaka kumwagilia mboga. Sili imekwisha na beringi moja inalia. Njooni na pikapu, muichukue.

MkulimaAhero

Mkipita Ahero mnichukue nami nione.

MtoNyando

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa hapo, na Mzee tutampitia stejini. Fundi, usiibadilishe hiyo beringi. Nataka wanafunzi waisikie kwanza.